Tiketi ina bei, namba haina kumbukumbu

Pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hakuna anayenunua jora la kitenge bila kuuliza bei, kuguna, kuondoka hatua mbili na kurudi kuuliza tena. Mama lishe wa Buguruni anajua kilo ya mchele inatoa sahani ngapi, na faida yake imekaa kwenye sahani ya ngapi. Kondakta wa daladala ya Mbagala anawarudishia chenji abiria saba huku mguu mmoja uko nje. Watu hawahawa ndio wanaocheza bahati nasibu, kwa hiyo ile kauli kwamba wachezaji hawajui hesabu haina mashiko. Wanaijua. Ila wakifika kwenye droo, hesabu yote wanaielekeza kwenye namba, ambako haina kazi, na kwenye bei, ambako ingewafaa, hawaipeleki kabisa.

Bei ya tiketi si ile shilingi 500 unayotuma kwa simu. Hilo ni dau. Bei ni kile kipande cha dau ambacho, ukiwachukua wachezaji wote kwa pamoja na droo nyingi, hakirudi mikononi mwao. Kipande hicho kinalipia matangazo, mishahara, leseni, kodi na faida ya mchezeshaji. Si wizi; mchezo usio na bei ungefungwa ndani ya mwezi. Lakini hakijaandikwa kwenye tiketi, na asiyekitafuta mwenyewe hataambiwa.

Kuitafuta bei

Tuanze na mchezo wa tarakimu tatu, maana hesabu yake inatosha nyuma ya bahasha. Unachagua tarakimu tatu, kila moja kati ya 0 na 9, na mpangilio unahesabika. Nafasi ya kwanza ina njia 10, ya pili 10, ya tatu 10, jumla namba 1,000, kuanzia 000 hadi 999. Uwezekano wako ni mmoja kwa elfu, uchague 425 au 777.

Tuseme mchezeshaji analipa mara 200 ya dau kwa aliyepatia zote tatu, na mara 10 kwa aliyepatia mbili katika nafasi zake. Kwa dau la 500, zawadi kubwa ni 100,000. Zidisha kwa uwezekano wake: 100,000 mara 1 gawanya kwa 1,000, unapata shilingi 100. Sasa zawadi ndogo. Kupatia mbili tu kunatokea kwa njia 27 kati ya 1,000, kwa sababu kuna nafasi tatu za kukosea, na kila nafasi ina tarakimu tisa zisizo sahihi. Zawadi ni 5,000. Mara 27 gawanya kwa 1,000 ni shilingi 135. Jumlisha: 235. Dau ni 500, kwa hiyo bei ya tiketi ni 265. Malipo yangekuwa sawa na hatari kama 500 yako ingelipwa 500,000 kwa tatu zote, hata bila zawadi ndogo.

Hapo hatujagusa kodi. Kodi ya ushindi hukatwa kabla pesa haijaingia kwenye simu, na kiwango chake hubadilishwa mara kwa mara na Sheria ya Fedha, kwa hiyo angalia cha mwaka huu. Kama ni asilimia 10, ile 235 inashuka hadi kama 212. Ongeza makato ya kutuma na kutoa. Kwa kulinganisha, jimbo la Pennsylvania huko Marekani lina mchezo wa tarakimu tatu wa namna hiihii, na dola moja ukipatia kwa mpangilio inalipwa dola 500. Yaani nusu inarudi, nusu ni bei.

Zawadi ndogo mara nyingi zimefichwa kwenye vigezo na masharti. Lile neno la mwisho la tangazo la redio, linalosomwa kwa kasi ya mtu anayekimbiza basi, ndilo pekee lenye hesabu ndani yake. Lisome polepole, andika kila zawadi kwenye mstari wake na uwezekano wake pembeni, zidisha, jumlisha, toa kwenye dau. Dakika kumi zinatosha.

Kuna mahali pamoja ambapo uchaguzi wa namba unabadilisha uwezekano wenyewe, na wachezaji wengi hawapajui: pale mchezo unaporuhusu mpangilio wowote. Namba yenye tarakimu tatu tofauti, mfano 7-2-5, inaweza kupangwa kwa njia sita, kwa hiyo una 6 kwa 1,000. Namba yenye mapacha, kama 7-7-2, ina njia tatu tu. Yenye tatu zinazofanana ina moja. Kama zawadi ni ileile kwa dau lilelile, anayecheza mapacha ananunua nusu ya bidhaa kwa bei kamili.

Namba iliyolala

Kwenye vijiwe vya kahawa, Manzese hadi Tandika, wapo watu wenye daftari. Matokeo ya kila droo yameandikwa kwa tarehe na saa, mengine yamezungushiwa wino mwekundu. Daftari lina kazi mbili. Moja ni kutafuta namba moto, zinazotoka sana. Nyingine ni kutafuta namba iliyolala, ile ambayo haijatoka muda mrefu na sasa "inadaiwa". Imani hizi mbili zinapingana, lakini mtu mmoja anaweza kuzishika zote kwa wiki moja bila shida yoyote.

Tuangalie daftari lenyewe linasema nini. Chukua tarakimu ya kwanza tu ya droo 100. Kila tarakimu inatarajiwa mara 10. Lakini matarajio si ratiba. Mtawanyiko wa kawaida hapo ni kama 3 juu na 3 chini, na kwa kuwa tarakimu ziko kumi, ni jambo la kawaida kabisa kuona moja imetoka mara 15 na nyingine mara 5. Anayetazama daftari anasema ya kwanza ina moto na ya pili imelala. Mashine safi kabisa ndiyo inayozalisha picha hiyo. Kama kila tarakimu ingetoka mara 10 kamili, hapo ndipo ungepaswa kuogopa.

Na kulala? Tarakimu fulani kutoonekana katika nafasi moja kwa droo 30 mfululizo ni 0.9 kujizidisha mara 30, yaani asilimia 4 na kidogo. Ukiwa na tarakimu kumi na nafasi tatu, unafuatilia mifululizo 30 kwa wakati mmoja. Mara nyingi kutakuwa na angalau mmoja uliolala. Unaona deni, ila mdaiwa hayupo, kwa sababu mipira na kompyuta havitunzi daftari.

Waitalia walilipia somo hili. Katika Lotto yao, kila gurudumu la mji linatoa mipira mitano kati ya 90, kwa hiyo namba yoyote ina uwezekano wa 1 kwa 18. Namba 53 ya gurudumu la Venezia iliacha kutoka Mei 2003. Miezi ikapita na watu wakazidi kuweka dau, wengine akiba za nyumba, kwa hoja kwamba haiwezi kuchelewa zaidi. Ilitoka tarehe 9 Februari 2005, baada ya droo 182, na hadi hapo zilikuwa zimeshachezwa zaidi ya euro bilioni 3 kwa namba hiyo moja.

Wengi walisema ule ulikuwa muujiza mbaya. Tupige hesabu. Namba moja kukosa droo 182 mfululizo ni kama 1 kwa 33,000. Inatisha, hadi ukumbuke kuwa magurudumu wakati ule yalikuwa kumi na kila moja lilitoa mipira mitano, kwa hiyo kila droo ilianzisha kusubiri kupya mara 50. Gawanya 33,000 kwa 50: ni droo 660. Kwa droo mbili kwa wiki, usingizi wa namna ile ni wa kutarajiwa takriban mara moja kila miaka sita. Hakuna aliyekuwa anaiangalia 53 kabla haijalala. Waliichagua kwa sababu ilikuwa imelala, kisha wakashangaa kwamba imelala.

Mwenye daftari ambaye anashuku mashine anaweza kulitumia kwa kazi yenye maana zaidi. Kusanya matokeo 1,000 ya nafasi moja. Hesabu kila tarakimu imetoka mara ngapi. Toa 100 kwenye kila hesabu, zidisha tofauti kwa yenyewe, gawanya kwa 100, kisha jumlisha majibu yote kumi. Droo safi hutoa jumla iliyo karibu na 9. Ikivuka 16.9, inua nyusi, lakini usipige kelele, maana droo safi moja kati ya ishirini hufanya hivyo kwa bahati tu. Ikivuka 21.7, kusanya matokeo mengine 1,000 mapya na urudie. Kosa linaloharibu jaribio hili ni kuchagua kipande cha daftari kilichokushtua na kukipima kilekile. Kipande kilichokushtua lazima kitashtua na kipimo pia.

Inayofanana na wizi na iliyo wizi

Bulgaria, Septemba 2009: tarehe 6 zilitoka 4, 15, 23, 24, 35 na 42. Droo iliyofuata, tarehe 10, zikatoka zilezile sita. Nchi nzima ikaruka, serikali ikaamuru uchunguzi, na haikuonekana njama. Mara ya kwanza hakuna aliyezipatia zote sita. Mara ya pili walizipatia watu 18, na wakagawana. Ukihesabu bahati nasibu zote duniani na miaka zinayochezwa, mgongano kama ule sehemu fulani, siku fulani, si ajabu kubwa kama unavyoonekana ukiwa ndani ya Sofia.

Pennsylvania, 24 Aprili 1980: kwenye mchezo wa tarakimu tatu ilitoka 666. Hapo pia watu walishtuka, wengine kwa sababu za kidini, lakini safari hii ulikuwa wizi kweli. Mtangazaji wa droo na wenzake walikuwa wameidunga rangi mipira yote ya mashine isipokuwa 4 na 6, ili ile mingine iwe mizito na isipande juu. Zikabaki namba nane tu zinazoweza kutoka: 444, 446, 464, 466, 644, 646, 664 na 666. Wakazinunua zote nane, kwa wingi mno, na ununuzi huo ndio uliowafikisha mahakamani. Tazama walivyoiba: hawakusoma nyota wala daftari, waligusa mipira. Baadaye, michezo ilipohamia kwenye kompyuta, mkuu wa usalama wa chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, Eddie Tipton, alipachika maagizo yake ndani ya programu ya kuzalisha namba, akaweza kukisia matokeo ya siku chache maalumu za mwaka. Tiketi iliyomponza ilikuwa ya droo ya tarehe 29 Desemba 2010. Alihukumiwa mwaka 2017.

Anayetaka kujua kama droo ni safi aulize basi nani anashika mashine, nani anaikagua, na kama mchezeshaji ana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Daftari ni la mwisho.

Fatuma binti Mariamu

Namba zinatoka wapi kabla hazijafika kwenye simu? Kwenye ndoto, kwenye namba ya gari lililokupita Ubungo, kwenye tarehe aliyozaliwa mtoto, kwenye kitanda cha wodi alicholala mgonjwa akapona. Pwani kuna njia ya zamani zaidi, hesabu ya abjadi, ambayo wanafalaki wameitumia vizazi na vizazi, na marehemu mnajimu Sheikh Yahya Hussein aliwafanya Watanzania wengi wazoee kusikia habari za nyota.

Inastahili kuelezwa kwa heshima, maana ni hesabu kamili yenye hatua. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alifu 1, be 2, jimu 3, na kuendelea. Chukua jina la mtu na la mama yake. Fatuma: fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40, he 5, jumla 135. Mariamu: mimu 40, re 200, ye 10, mimu 40, jumla 290. Zote pamoja 425. Toa kumi na mbili kumi na mbili hadi usiweze tena: inabaki 5. Nyota ya tano, ukianzia Punda, ni Simba. Mtu mwingine akirudia hesabu hii Tanga au Lamu atapata jibu lilelile, na hilo haliwezi kusemwa kuhusu kila mganga anayebandika tangazo la kusafisha nyota kwenye nguzo za umeme.

Mchezaji hana haja ya nyota, anachukua ile 425 na kuicheza. Shida haiko kwenye kujumlisha. Jiji hili lina akina Fatuma binti Mariamu wangapi? Wote wana 425. Kama namba hiyo ingekuwa na neema kwa jina, wangetajirika siku moja, mtaa mzima.

Hapo ndipo uchaguzi wa namba unapoingia kwenye hesabu kwa mlango wa nyuma. Katika mchezo wenye zawadi maalumu, kama ule wa mara 200, haijalishi wangapi wamechagua namba yako. Kila mmoja analipwa chake. Lakini katika mchezo wa mfuko mmoja unaogawanywa, namba yenye wapenzi wengi ni hasara. Uwezekano wa kushinda haubadiliki, inabadilika idadi ya mikono kwenye sinia. Uingereza, tarehe 14 Januari 1995, mfuko wa pauni milioni 16 ulipatiwa na watu 133, kila mmoja akaondoka na pauni 122,510. Namba zilikuwa 7, 17, 23, 32, 38 na 42, na zote zilikaa katikati ya karatasi ya kujazia, mahali ambapo kalamu hupenda kutua. Marekani, tarehe 30 Machi 2005, watu 110 walishinda zawadi ya pili ya bahati nasibu ya Powerball kwa siku moja. Waandaaji walishuku wizi, hadi washindi walipoanza kueleza walikozitoa: kwenye vikaratasi vya ndani ya biskuti za migahawa ya Kichina, vilivyochapishwa na kiwanda kimoja.

Wanaocheza tarehe za kuzaliwa wanabanana kati ya 1 na 31. Katika mchezo wa namba sita kati ya 49 kuna michanganyiko 13,983,816, na ile ambayo namba zake zote haziizidi 31 ni 736,281, kama asilimia 5 tu. Wanagombania kona moja ya uwanja. Anayeamua kucheza mchezo wa mfuko mmoja basi achague namba mbaya, zisizopendeza, zilizo juu ya 31, zisizo na mstari wala umbo. Hazitatoka zaidi, ila zikitoka hatagawana na ukoo wa watu.

"Mechi moja tu imenichania"

Sasa mkeka, yaani dau moja lililofungwa kwenye mechi nyingi ambazo zote lazima zitiki. Jumamosi usiku, Kimara au Gongo la Mboto, kauli ni moja: mechi kumi na moja zimetiki, moja imechana mkeka. Na anayesema hivyo anaamini kwamba alikuwa karibu, hivyo Jumapili ataongeza dau.

Anza na odi za mechi moja, yaani mara ngapi dau lako linalipwa ukipatia. Nyumbani 2.10, sare 3.20, ugenini 3.40. Gawanya 1 kwa kila odi: 0.476, 0.313 na 0.294. Jumla ni 1.083. Ingekuwa 1 kamili, mchezo ungekuwa hauna bei. Ile ziada ya 0.083 ni ya mwenye duka. Gawanya 1 kwa 1.083 unapata kama 0.92: kila 1,000 inayowekwa, takriban 920 inarudi, kabla ya kodi. Bei ya asilimia 8 si mbaya. Kuna biashara za nyanya zenye hasara kubwa kuliko hiyo.

Lakini mkeka unazidisha. Kila mechi unayoongeza inailipa ile 0.92 upya. Mechi kumi na mbili: 0.92 na kidogo kujizidisha mara 12 ni kama 0.385. Bei imepanda kutoka asilimia 8 hadi zaidi ya 61, na hakuna aliyekuongezea kitu. Umeipandisha mwenyewe, kwa kidole gumba.

Tuseme ni mechi kumi na mbili "za uhakika", kila moja odi 1.30. Odi ya mkeka ni 23.3. Kwa bei ileile, uwezekano halisi wa kila mechi ni kama 0.71, na zote kumi na mbili kutiki ni asilimia 1.65, yaani mara moja kati ya 60. Unalipwa 23 kwa jambo la 60. Sasa ile mechi moja: uwezekano wa kupatia kumi na moja na kukosa moja ni kama asilimia 8. Ni karibu mara tano ya uwezekano wa kushinda. Kwa hiyo anayecheza mikeka hii kila wiki atachaniwa na mechi moja takriban mara tano kwa kila mara moja atakayoshinda, na hata hiyo moja huenda asiione ndani ya mwaka. Kukosa kwa mechi moja ni tabia ya mkeka wenyewe, kama vile moshi ni tabia ya mkaa.

Mchezo wa tarakimu tatu nao una moshi wake. Uwezekano wa kupatia angalau tarakimu moja katika nafasi yake ni asilimia 27. Anayecheza droo kumi na mbili kwa siku ataona "imenikwepa" mara tatu kabla ya kulala.

Kuhusu mashabiki wa Simba na Yanga wanaoweka dau kwa timu yao siku ya watani, sina hesabu ya kuwasaidia.

Kasi, na kudabo

Kindege, yaani Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe uliotoka mwaka 2019, ambao ndege inapaa huku mara za dau zikipanda nawe utoe hela kabla haijatoweka, unanadiwa kurudisha asilimia 97. Hiyo ni bei ndogo kuliko mkeka wowote, na huo si uongo. Uwezekano wa ndege kufika mara fulani ni 0.97 gawanya kwa mara hiyo: kufika 2 ni asilimia 48.5, kufika 10 ni 9.7. Kinachoumiza ni kasi. Droo inakuja kwa saa, mkeka kwa wikiendi, lakini raundi mia za kindege ndani ya saa moja si nyingi. Dau la 500 mara 100 ni 50,000 iliyopita mikononi mwako, na asilimia 3 yake ni 1,500 kwa saa, kila saa, kabla hujaanza kudabo.

Kudabo ndiko kunakomaliza mtaji wa bodaboda. Mfumo unasema: weka 500 hadi ndege ifike 2; ukiliwa weka 1,000, ukiliwa 2,000, endelea; siku ukishinda unarudisha yote na 500 juu. Kweli. Ila ukiliwa mara nane mfululizo umeshatoa 127,500, na dau linalofuata ni 128,000. Kuliwa mara nane mfululizo ni mara moja kati ya 200 hivi. Mizunguko 200 iliyofanikiwa inakupa 100,000, na ndani ya mizunguko 200 una asilimia 63 ya kukutana na ule mmoja mbaya. Mfumo unakupa ushindi mdogo mwingi ili uuamini, halafu unakudai mara moja.

Programu zinazouzwa kwamba zinatabiri kindege hazina pa kushika: matokeo hutengenezwa kwa kuchanganya msimbo wa seva na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza wa raundi, ambao nao hawajajulikana kabla hawajaweka dau. Na wauza "mechi za kupangwa" wa Telegram wana hesabu nzuri kuliko wateja wao. Muuzaji anaanza na watu 1,024. Nusu anawaambia mabao yatazidi mawili, nusu hayatazidi. Waliokosewa anawaacha. Wanabaki 512, kisha 256, 128, 64, na baada ya mechi ya tano wapo watu 32 walioona utabiri tano kati ya tano. Hao ndio anaowatoza 20,000 kila mmoja kwa mechi ya sita, jumla 640,000, naye hajui hata timu zinazocheza. Wale wa "umeshinda, tuma hela ya kutolea" hawana hesabu yoyote. Namba zao hupelekwa 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Hela ya mkupuo

Kwa nini basi mtu anayejua bei ya nyanya sokoni Ilala, Temeke na Mabibo kwa siku moja anunue tiketi yenye bei ya zaidi ya nusu? Sidhani ni upofu. Anayeingiza 10,000 kwa siku na kula 9,000 anaweza kujibana shilingi 500, lakini 500 haibaki 500 nyumbani. Inageuka dawa ya mbu, vocha, nauli ya mtoto. Anachohitaji ni hela ya mkupuo, 200,000 ya cherehani au ya kodi ya chumba, na tiketi ni moja ya vitu vichache vinavyogeuza chenji kuwa mkupuo hata kwa ndoto. Kwa mwaka, 500 kila siku ni 182,500. Kwenye mchezo wetu wa tarakimu tatu, bei ya ndoto hiyo ni karibu 96,700. Na anayecheza droo 1,000 kwa namba moja bila kukosa ana asilimia 37 ya kutoishika zawadi kubwa hata mara moja.

Mjini humuhumu kuna mchezo mwingine wa mkupuo, na akina mama wa Tandale wanaucheza bila tangazo hata moja redioni. Watu kumi, kila mmoja 5,000 kwa wiki, kijumbe anakusanya, mmoja anaondoka na 50,000, wiki kumi mzunguko umeisha. Bei yake ni sifuri, labda soda ya kijumbe. Unaweza kuharibika, hasa aliyepokea mapema akihama mtaa, ndiyo maana kijumbe mzuri huwaweka wageni mwishoni. Kati ya wenyeji, nani aanze huamuliwa kwa bahati: vikaratasi ndani ya kikombe cha plastiki, kinatikiswa, kila mtu anachomoa chake, kila kimoja kina namba, na hakuna kilicho kitupu.